Betri Iliyolazwa Pamoja na Mwanakondoo

Asubuhi ya kwanza baada ya kustaafu niliamka alfajiri kama kawaida, nikaanza kujiuliza nani yuko juu ya paa. Kisha nikakumbuka kwamba hakuna mtu wangu juu ya paa lolote, wala Mbulu wala Hanang. Nikageukia ukutani, nikalala tena mpaka jua likaingia dirishani. Mume wangu alidhani naumwa, akanichemshia chai ya tangawizi.

Siku mliponiaga pale karakana mliniomba niwaandikie ninayoyajua kuhusu bisibisi ya chaji, maana mashine ni nyingi siku hizi na wanaojua kuzitunza ni wachache. Mkaniomba pia nisiandike hotuba. Haya, siandiki hotuba. Vyeo na mishahara navyo naviacha huko huko vilipo, havijawahi kukaza skrubu hata moja.

Nitaandika zaidi juu ya mikono. Miaka yote niliyoongoza kikosi cha kupiga paa na kufunga milango, hofu yangu ilikuwa moja: mtu aliyetoka kwao na mikono miwili inayofanya kazi, arudi kwao nayo hivyo hivyo. Waliodhani mimi ni mkali kwa sababu ya tabia walikosea, nilikuwa mkali kwa sababu ya woga. Na mara moja nusura nishindwe. Mkono wenyewe ulikuwa wa Gidamis, na habari yake wengine wenu mmeisikia nusu nusu. Leo mtaisoma nzima, lakini tuanze mwanzo.

Nilifika karakana ya Mbulu mjini nikitokea kwetu Maretadu, binti mwenye kikapu. Ndani ya kikapu kulikuwa na randa, patasi mbili na bisibisi ya mpini wa mti. Fundi mkuu alikuwa Mzee Boay, mtu mfupi mwenye sauti ya chini sana, ilibidi usimamishe kazi ili umsikie. Nadhani ndiyo ilikuwa shabaha yake. Alinitazama, akatazama kikapu.

"Umemletea nani chakula?"

"Shikamoo mzee. Si chakula. Nimepangiwa kazi hapa."

"Marahaba. Basi kiweke chini ushike keke."

Hakuniuliza tena habari ya kikapu wala ya usichana wangu. Nikashika keke, ile ya kuzungusha kwa mkono, nikatoboa mbao ya mkaratusi mpaka mabega yakawaka moto. Wenzangu walikuwa wanangoja nilie. Nililia, lakini nyumbani.

Kidole cha shahada cha Mzee Boay kilikuwa kifupi, kilikatwa na mashine ya kuranda kabla sijazaliwa. Ukimuuliza alisema, "Hiki kilikuwa na haraka." Basi, hakuongeza neno. Alinifundisha kuchagua bisibisi inayojaa kwenye kichwa cha skrubu bila kucheza, na kutoboa tundu dogo kwanza kwenye mbao ngumu ili isipasuke. Zaidi ya yote alinifundisha kutoweka kiganja nyuma ya mbao ninayoikaza. "Mbao ina jiliwa lake la kuibana," alisema. "Mkono wako si jiliwa." Bisibisi ya mkono ikiteleza hukuchubua. Nilichubuka mara nyingi na nikapona mara nyingi, kwa hiyo niliyakubali maneno yake bila kuyaogopa sana.

Kuogopa kulikuja na mashine. Mwanzoni tulikuwa na drili ya waya, na vijijini hakukuwa na umeme, kwa hiyo tulibeba na jenereta iliyonguruma kutwa nzima. Halafu ikaja bisibisi ya chaji, ndani ya sanduku jeusi, imelala na betri zake mbili kama mama wa mapacha. Mzee Boay alikuwa amebakiza muda mfupi kabla ya kustaafu. Aliishika, akavuta kitufe, ikazunguka, naye akashtuka akacheka.

"Hii haina subira," akasema. "Subira itabidi iwe yako."

Alisema kweli. Bisibisi ya mkono huenda kwa nguvu zako, na ukichoka inasimama. Hii haichoki nawe. Biti, ile ncha inayokaza skrubu, ikikwama, mashine yenyewe ndiyo inayotaka kuzunguka, na kama umeishika kwa mkono mmoja uliolegea, itakupinda kifundo. Ndiyo maana niliwasumbua kila siku: simama imara, shika kwa mikono miwili kwenye skrubu ndefu, anza polepole, na ile pete ya namba za nguvu ya kukaza iweke chini kwanza, uongeze kidogo kidogo. Ukianzia namba ya juu utakata kichwa cha skrubu au utaizamisha mpaka itokee upande wa pili, na wewe unajua nani kaweka kiganja upande wa pili. Kila mara kuna mmoja.

Kabla ya kubadili biti, toa betri. Najua mnaona ni usumbufu. Kuna kile kitufe cha kuzungusha mbele na nyuma ambacho ukikiweka katikati mashine inafungwa, nacho kinafaa mnapoipokezana au mnapopanda nayo ngazi. Lakini kitufe husahaulika, husukumwa na mkanda, husukumwa na tumbo kwa wale wenye tumbo. Betri ikiwa mkononi mwako mashine haina la kufanya. Na biti iliyolika, itupe. Mafundi wetu huweza kutunza biti iliyolika kwa mapenzi ambayo wake zao hawajawahi kuyaona.

Gidamis alikuja baadaye, mimi nikiwa tayari kiongozi wa kikosi. Alitoka tambarare za Hanang, upande wa Masakta, kwenye familia ya wafugaji. Alikuwa mtu mzima, ana mke na watoto, na alikuwa amejifunza useremala kwa kutengeneza vitanda vya majirani. Alikuwa mrefu kiasi kwamba ngazi fupi hatukuipakia tukisafiri naye. Baba yake alimsindikiza mpaka karakana, jambo ambalo hatukuwa tumeliona kwa fundi mwenye ndevu. Mzee yule alikuwa na shuka nyeusi na fimbo. Nilimwamkia, akaitikia, akatazama misumeno yetu mmoja mmoja.

"Mama," akasema mwishoni, "huyu ndiye mkubwa kwangu. Ng'ombe wananijua mimi na yeye. Mimi nimezeeka. Mkono wake ukiharibika huku kwenye mbao zenu, nani atashika ng'ombe?"

Nilimwambia nitamtunza. Nilisema upesi, kama watu wanavyosema. Usiku, nyumbani, nikaona nimebeba mzigo mzito kuliko mbao zote za siku ile.

Gidamis alikuwa fundi mzuri, mwepesi juu ya paa, na mcheshi kwa namna yake ya kutocheka. Shida yake ilikuwa mavazi. Kwenye baridi alivaa shuka aliyopewa na mjomba wake juu ya ovaroli. Siku moja ncha ya shuka iliingia kwenye biti inayozunguka, mashine ikaivuta, ikajiviringisha mpaka ikampiga mbavuni na kusimama yenyewe. Alibaki amefungwa kama mzigo wa kuni.

"Mama, hii kitu imekula nguo ya mjomba," akasema.

"Ingekula na mbavu za mpwa wake," nikamjibu. Tangu siku hiyo shuka ilining'inizwa kwenye msumari kabla ya kazi. Na bangili zake za shaba, alizopewa na baba yake, alizivua kila asubuhi akazifunga kwenye kitambaa na kuziweka ndani ya begi, akazivaa tena jioni. Ndivyo ninavyotaka mfanye wote. Pete, mikufu, leso zenye ncha, mikono ya shati iliyolegea, vyote vikae mbali na kitu kinachozunguka.

Sasa tufike kijijini Tumati. Ilikuwa wakati wa kipupwe. Mnaotoka Mbulu mnaijua baridi ile, ukungu unakaa mpaka karibu na saa nne na ng'ombe wanatoa moshi puani. Tulikuwa tunaezeka darasa. Mimi na Gidamis tulipewa malazi kwa Bibi Paskalina, mjane mwenye boma kubwa. Gidamis alilala kwenye kibanda cha vijana, mimi nililala nyumba kubwa pamoja na bibi, mkwewe na kitoto kichanga cha mkwewe, ambacho kilikuwa hakijatolewa nje. Mafundi wengine wawili walikaa kwa mwalimu.

Betri za siku hizi hazipendi baridi. Unaijaza jioni dukani kwenye umeme wa jua, asubuhi unavuta kitufe inaonyesha taa moja, inazungusha skrubu nusu inalala. Haijaharibika, imepoa tu, na dawa yake ni joto la mwili. Tuliziweka ndani ya makoti, kila moja ikiwa na kifuniko chake, kwenye mfuko usio na skrubu wala sarafu, kwa sababu chuma kikigusa ncha zake mbili kwa pamoja kinaweza kuwasha moto kwenye mfuko wako. Bibi Paskalina aliniona nimebeba kitu kifuani, akaniuliza kwa Kiiraqw nimeficha nini. Nikamwambia ni betri, inaona baridi.

"Kumbe ni kama mwanakondoo," akasema.

Nikacheka, nikasema ndiyo. Kwa bibi halikuwa neno la kuchekesha. Kwao, kama kwetu Maretadu, kondoo akizaa kwenye baridi ile, mtoto wake huingizwa ndani na kulazwa karibu na mafiga, afunikwe gunia. Hakuna mwenye akili anayemwacha nje. Na kulikuwa na mmoja pale pale ndani, mwenye madoa, amezaliwa juzi yake.

Kesho yake asubuhi nilitoka kunawa uso. Begi langu lilikuwa karibu na mlango, mahali penye upepo, betri ziko ndani. Bibi aliamka akaziona. Akazihurumia. Akazitoa, akazilaza kando ya mafiga pamoja na mwanakondoo, akazifunika gunia vizuri, akachochea moto ili tupate uji. Alifanya kwa wema mtupu, na angefanya hivyo hivyo kwa mtoto wangu. Tofauti ni ndogo tu: mwanakondoo akizidiwa na joto husogea, na betri haisogei.

Gidamis alikuwa ameingia kunywa uji. Kazi ilikuwa haijaanza, kwa hiyo bangili zake zilikuwa mkononi. Mimi niko nje, maji usoni, nikasikia mlio kama wa sufuria yenye mfuniko mbovu, halafu bibi akapiga kelele. Nikageuka. Moshi mweupe ulitoka mlangoni, una harufu tamu mbaya, kama rangi ya kucha iliyoungua. Kisha Gidamis akatoka ameinama, mkono wake wa kulia umeshika moto. Sijui kusema vingine. Alikuwa ameishika betri inayowaka kwa kiganja kitupu, akairusha kwenye tope la zizi, nayo ikaendelea kuwaka ikiruka ruka ndani ya samadi.

Nyuma yake akatoka mkwe na kichanga kikilia. Nimesikia vilio vingi vya watoto, sijawahi kusikia kitamu kama kile. Halafu bibi. Halafu mwanakondoo, kwa miguu yake mwenyewe, ameudhika.

Betri ya pili ilikuwa bado ndani. Nilichukua jembe la mpini mrefu, nikaivuta nikiwa nimeegemea kizingiti, nikaisukuma mpaka uwanjani mbali na nyumba, nikaifukia udongo na kusogeza kila mtu. Ilikuwa imevimba, na baada ya muda nayo ikafuka moshi chini ya udongo. Kumbukeni hili kuliko yote niliyoandika: betri ikivimba, ikipiga mlio au ikifuka, watu kwanza. Toeni watu. Usiishike, usivute moshi wake, na kama huna kitu kirefu cha kuisogezea, iache iungue. Nyumba hujengwa upya. Gidamis alijua hivyo, nilimfundisha mwenyewe. Baadaye aliniambia kichanga kilikuwa kitandani nyuma ya mafiga, na mlango ni mmoja, na moto ulikuwa katikati.

Nikamkalisha kwenye kigogo, nikaanza kumwagia mkono maji ya dumu. Maji ya Tumati wakati wa kipupwe ni baridi ya kuumiza, na siku ile niliyashukuru. Watoto wa boma walipokezana madumu kutoka kijitoni. Gidamis hakulia. Alitazama mlima tu, meno yamebana.

"Bangili tuvue sasa hivi," nikasema. "Mkono utavimba."

"Mama, hiyo ni ya baba."

"Baba yako atazipata. Mkono ukivimba ndani ya shaba, watazikata na msumeno."

Tulizivua kwa sabuni, moja moja, naye akanitazama kwa mara ya kwanza kwa macho ya hofu. Hapo bibi akaja na kibuyu cha samli. Kwao moto unatulizwa kwa samli. Sikuwahi kumkatalia mtu wa umri ule kitu chochote mbele ya watu.

"Bibi, samehe," nikamwambia, "samli itafungia moto ndani. Anahitaji maji tu."

"Ni mimi nimemchoma mtoto wa watu," akasema. "Niache hata nimpake."

"Shika dumu, bibi. Mmwagie wewe."

Akashika dumu. Alimwagia mkono ule kwa uangalifu kama anambatiza, akinong'ona maneno ambayo Gidamis hakuyajua, maana lugha ya kwao ni nyingine kabisa. Lakini aliinamisha kichwa mbele yake, akasema, "Asante bibi." Tulipomaliza tulifunika mkono kwa kanga safi bila kubana, tukapata bodaboda, mimi nikakaa nyuma nikimshikilia mpaka Mbulu mjini.

Daktari alisema ngozi itapona. Kisha akasema lile ambalo sikutaka kulisikia: kiganja kikiungua hivyo, vidole huweza kukaza wakati wa kupona na visikunjike tena wala kunyooka. Itategemea mazoezi, na itategemea mwili. Muuguzi alimwonyesha namna ya kuvikunja na kuvinyoosha, kila siku, hata ikiuma. Kisha Gidamis akaenda kwao Masakta, mkono umefungwa kama mkate, na mimi nikarudi Tumati kumalizia paa kwa bisibisi ya mkono. Kila skrubu niliyoikaza nilikunja vidole vyangu na kufikiria vyake.

Nilimpigia simu mara kwa mara. Gidamis kwenye simu ni mtu wa neno moja.

"Mkono unaendeleaje?"

"Nzuri mama."

"Unafanya mazoezi?"

"Nzuri mama."

"Kidole cha kuvutia kitufe kinakunjika?"

"Nzuri mama." Huyu chui akimkalia mgongoni atasema nzuri.

Bibi Paskalina alikuja siku ya kukabidhi darasa, amebeba kibuyu kile kile. Akanikabidhi nimpelekee Gidamis. "Ya kula," akasema upesi. "Si ya kupaka." Nikamwambia ukweli wangu: hakukosa. Alimtunza mgeni wa nyumba yake kwa namna anayoijua, na hakuna mtu aliyekuwa amemweleza kwamba huyu mgeni hatakiwi kutunzwa.

Kwa hiyo nikaanzisha utaratibu ambao wengine wenu mliucheka. Tukifika kwenye boma lolote, baada ya shikamoo na habari za mifugo, tunamwonyesha mwenyeji betri. Tunamwambia hiki hakilali karibu na moto, hakikai juani, hakihitaji kufunikwa, watoto wasikichezee. Tunakiweka kwenye sanduku lake mahali pakavu penye kivuli, na ndoo ya mchanga karibu. Hatuchaji watu wakiwa wamelala au wametoka. Hatuchaji betri ikiwa ya moto kutoka kazini wala ikiwa imeganda baridi, na tunatumia chaja yake yenyewe, si ya jirani hata kama tundu linaingia. Iliyodondoka ikapasuka au kuvimba haichajiwi tena, wala haifunguliwi na fundi wa redio mwenye moyo wa kujaribu. Mashine yenyewe ni rahisi kuliko betri: toa betri, piga vumbi kwa brashi kavu, hasa pale inapopumulia, futa kwa kitambaa, usiioshe, usiiache kwenye ukungu. Na miwani ya kazi ivaliwe, hata ikishika mvuke. Futa, vaa tena.

Mwishoni mwa msimu, nikiwa nimebakiza muda mdogo wa kazi, niliamua kwenda Masakta mwenyewe. Simu ilikuwa imenichosha kwa "nzuri". Nilipanda basi la asubuhi na kibuyu cha bibi mapajani. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia yule mzee. Nilipofika Katesh nilikuwa nimeyapanga, nilipofika Masakta yalikuwa yamenitoka yote.

Mzee alikuwa amekaa nje ya nyumba. Nilimwamkia, akaitikia, mkewe akaniletea kigoda. Mashamba ya pale yalikuwa yamevunwa, ng'ombe wanakula mabua. Niliona ng'ombe kwanza, nikaona wanachungwa na kijana nisiyemjua, na moyo wangu ukashuka.

"Gidamis yuko?" nikauliza.

"Yuko ndani," mzee akasema. "Kitambaa kimetolewa wiki iliyopita. Mkono anauficha kwenye shuka. Mimi sijauona. Mama yake hajauona. Nikimuuliza ananiambia nzuri."

Nilitazama vumbi miguuni mwangu. Nilijua mimi na mzee tunawaza jambo moja, na kati yetu wawili mimi ndiye niliyesema nitamtunza. Nilikuwa nimekwisha kufikiria nimwambie nini mke wake, watoto wake, nani atanisaidia kumtafutia kazi ya mlinzi. Nilikuwa nimemzika mkono mtu aliye hai.

Gidamis akatoka. Shuka ilikuwa begani, imefunika upande wote wa kulia. Mkono wa kushoto ulikuwa mtupu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Habari ya mkono?"

Nilikuwa najua atajibu nini, na hakujibu. Akasogea mpaka mbele yangu, akapiga goti moja ili tulingane, kisha mkono wa kulia ukatoka kwenye shuka umeshika kikombe cha bati cha maziwa. Kimejaa mpaka ukingoni. Kiganja kilikuwa na ngozi mpya, ya waridi, yenye mistari, na vidole vyote vilikuwa vimekizunguka kikombe, kidole gumba kikiwa juu ya mshikio. Havikutetemeka. Maziwa yalisimama tuli, hata tone halikumwagika.

"Nilikuwa nafanya zoezi," akasema, anamtazama baba yake. "Mara ya kwanza kilianguka. Mara nyingi kilianguka. Nilisema sitaonyesha mtu mpaka kikae."

Mzee akainuka kwenye kigoda. Sikuwahi kumwona mtu mzima wa pale akifanya alichofanya: alichukua vidole vya mwanawe kimoja kimoja pale pale kwenye kikombe, akavigusa kama anayekagua kwato za ndama, kisha akakaa akageuza uso upande wa mlima.

Mimi nilikipokea kikombe kwa mikono miwili, na hapo ndipo maziwa yalipomwagika, kwa sababu mikono iliyokuwa inatetemeka ilikuwa yangu.

"Mama, kunywa," Gidamis akasema. "Iko nyingine."